Mwongozo Kamili wa Mtanzania Anayekwenda Uingereza Kuanza Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii nchini Uingereza kwa kawaida huchukua mwaka mmoja wa kusoma muda wote, na mwaka huo huanza kuhesabiwa siku unapoandikishwa chuoni, mara nyingi katika nusu ya pili ya Septemba. Hatua zote zilizomo humu zimehesabiwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo, kwa sababu karibu kila karatasi utakayoibeba ina umri wake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS huishi miaka miwili, cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu miezi sita, namba ya CAS, yaani uthibitisho wa udahili unaotolewa na chuo kwa ajili ya viza, miezi sita, na taarifa ya benki siku 31 tu. Wenzetu wengi waliokwama walikuwa na sifa na walikuwa na fedha; walichokosa ni kuwa na karatasi zote zikiwa hai kwa wakati mmoja. Ninawaandikia wauguzi, madaktari, maafisa afya mazingira na watakwimu wa halmashauri ambao wameshaamua kwenda na sasa wanataka kujua waanzie wapi. Viwango vya fedha nilivyovitaja ni vya mwishoni mwa mwaka 2025, na hubadilika, kwa hiyo vihakiki katika tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kulipa chochote.

Miezi kumi na minane kabla: swali kwanza, chuo baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza chuo kipi ni bora. Nakushauri uanze na swali ambalo kazi yako imekushinda kulijibu: kwa nini wajawazito wa kata fulani huanza kliniki wakiwa na miezi mitano, kwa nini takwimu za chanjo zinaonyesha zaidi ya asilimia mia moja ilhali surua inazuka, kwa nini kipindupindu hurudi mtaa uleule kila masika. Swali hilo ndilo litakalokuonyesha kama unahitaji kozi yenye uzito wa epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, na takwimu, ya sera na uchumi wa afya, au ya udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza, maana jina "afya ya jamii" hufunika kozi zisizofanana hata kidogo. Fungua orodha ya masomo ya kila kozi, usome moja baada ya jingine, na uone ni mangapi yanalenga swali lako.

London School of Hygiene and Tropical Medicine, iliyoanzishwa mwaka 1899, na Liverpool School of Tropical Medicine, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, zina uhusiano wa muda mrefu na utafiti wa Afrika. Watafiti wa London walishirikiana na wenzao wa Tanzania katika jaribio la Mwanza ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, likionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Hata hivyo usiifungie akili yako katika majina hayo mawili. Vyuo vya Leeds, Sheffield, Edinburgh na kwingineko vina kozi nzuri, na gharama za maisha nje ya London ni nafuu kiasi cha kubadilisha hesabu yako yote.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, thibitisha na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kwamba chuo unachokilenga kinatambuliwa, kwa kuwa ukirudi ni tume hiyohiyo itakayoitambua shahada yako.

Mwaka mmoja kabla: maombi na ufadhili kwa pamoja

Madirisha ya ufadhili mkubwa hufungwa mapema kuliko ya vyuo, na hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba kwa masomo ya Septemba inayofuata. Hudai uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, ambao ni sawa na miaka miwili ya kazi ya kudumu, na humtaka mfadhiliwa arudi nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, wa aina ya Shared Scholarships huwalenga watu wa nchi wanachama zenye kipato cha chini na cha kati ambao wasingeweza kujilipia, na Commonwealth ina ufadhili mwingine wa kozi zinazofundishwa kwa njia ya mtandao bila kuhama. Omba ufadhili na omba chuo wakati mmoja. Usisubiri jibu la kimoja ndipo uanze kingine.

Katika maelezo binafsi ya kuombea nafasi, andika kazi uliyoifanya kwa idadi na mahali. Sentensi isemayo kwamba unaipenda afya ya jamii tangu utotoni haimwambii msomaji lolote, lakini ukieleza jinsi ulivyosimamia ugavi wa vyandarua katika vijiji kumi na vinne, ulichokikuta katika vijiji viwili ambako vilitumika kufugia vifaranga, na jinsi ulivyobadilisha utaratibu mwaka uliofuata, msomaji atakuona. Barua za mapendekezo ziombe kwa watu wawili wanaokufahamu kikazi au kimasomo, na uwape wasifu wako pamoja na tarehe ya mwisho. Mganga mkuu wa wilaya aliyefanya kazi nawe miaka mitatu atakuandikia barua yenye maana kuliko profesa maarufu aliyekuona mara mbili darasani.

Kuhusu Kiingereza, baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako cha awali kuthibitisha kwamba ulifundishwa kwa lugha hiyo, na vingine hudai IELTS, mara nyingi wastani wa 6.5 au 7. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipia mtihani. Ukilazimika kuufanya, jizoeze zaidi sehemu ya kuandika, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wenzetu waliozoea kuandika taarifa za kazi kwa mtindo wa vipengele.

Miezi minane kabla: karatasi za nyumbani

Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya masomo ya mwajiri wake, na barua hiyo hupita mikono mingi. Anza na mkuu wako wa idara, ukiwa na barua ya udahili hata kama bado ina masharti, na ufuatilie faili lako mwenyewe ofisi hadi ofisi. Kuondoka kwa mdomo tu, ukiamini kwamba bosi anajua, ni kuhatarisha ajira na mshahara ambao huenda ndio unaowalisha watoto.

Pasipoti ya kawaida hugharimu shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi; hakikisha imebaki na muda wa kutosha kuvuka mwisho wa masomo. Linganisha herufi za majina yako katika pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, moja baada ya nyingine. "Mohamed" katika cheti kimoja na "Muhammad" katika kingine ni jambo dogo Kariakoo, lakini mezani kwa afisa wa viza ni watu wawili. Ukiona tofauti, rekebisha sasa au andaa hati ya kiapo kwa wakili. Nyaraka yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili, kama vile cheti cha ndoa au barua ya benki, itahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza, na BAKITA hutoa huduma hiyo.

Miezi minne kabla: fedha, na zile siku 28

Sehemu hii isome mara mbili. Asiyekuwa na ufadhili kamili hutakiwa kuonyesha ada yote ya mwaka ambayo bado hajailipa, pamoja na fedha za kujikimu kwa muda wa kozi usiozidi miezi tisa. Kwa maombi yanayotumwa tangu tarehe 11 Novemba 2025, kiwango cha kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London na pauni 1,171 ukisoma nje ya London. Kwa miezi tisa hiyo ni pauni 13,761 kwa London na pauni 10,539 kwingineko, juu ya ada. Anayelipiwa na mfadhili rasmi kwa ukamilifu huwasilisha barua ya mfadhili badala ya taarifa ya benki.

Fedha hizo zinatakiwa zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imepita zaidi ya siku 31 kufikia siku ya kutuma ombi la viza. Nitaeleza lililonipata mimi. Niliweka kiasi kilichotakiwa na ziada ndogo ya shilingi 40,000, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya kumi na tisa benki ikakata gharama za uendeshaji wa akaunti, kisha ikakata ada ya kadi mpya ambayo sikuwa nimeiomba, na salio likawa pungufu kwa shilingi 6,500. Niligundua nilipochapisha taarifa kaunta siku ya ishirini na nane. Hakukuwa na mtu wa kulalamikia. Ilibidi niongeze fedha na kuanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, huku Septemba ikikaribia. Tangu hapo kila anayeniuliza humwambia aweke ziada isiyopungua asilimia tano. Ziada hiyo humkinga pia na thamani ya shilingi, kwa kuwa fedha zilizo katika shilingi hubadilishwa kuwa pauni kwa viwango vya OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha, vya siku ya kutuma ombi.

Jambo la pili ni akaunti ya nani. Inakubalika akaunti yako, au ya wazazi wako au mlezi wako wa kisheria, na kwa wazazi utaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yao ya kuridhia. Akaunti ya mjomba, shangazi, kaka au kikundi cha kuchangiana haikubaliki, hata kama ndugu hao ndio waliokulea, isipokuwa wawe walezi wako wa kisheria. Ikiwa ukoo umechanga, na kwetu mara nyingi ukoo huchanga, fedha zihamishiwe katika akaunti yako kabla ya siku ya kwanza ya hesabu, na utunze kumbukumbu za kila mchango kwa sababu unaweza kuulizwa zilikotoka. Usikubali kamwe fedha za kuonyesha tu zinazokodishwa na mawakala. Taarifa ya benki ya uongo huweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka kumi.

Miezi mitatu kabla: kifua kikuu, CAS na viza

Kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hupimwa kifua kikuu kwa kukaa zaidi ya miezi sita, utahitaji cheti kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali nyingine, hata ya rufaa, hakitakubaliwa. Kipimo ni picha ya eksirei ya kifua, na kikiwa safi cheti hutoka haraka. Picha ikiwa na shaka, makohozi huoteshwa maabara na majibu huweza kuchukua hadi wiki nane. Sisi tunaofanya kazi wodini na maabara tunajua jinsi kovu la zamani linavyoweza kuonekana katika picha, kwa hiyo nenda mapema. Mjamzito aseme hali yake kabla ya kupigwa eksirei.

Chuo kitakapothibitisha masharti yote na kupokea amana ya ada, kitakutumia namba ya CAS. Isome neno kwa neno: jina, namba ya pasipoti, kozi, kiasi ulicholipa. Kosa lililomo humo lirekebishwe na chuo kabla hujatuma ombi. Ombi hujazwa mtandaoni, ada yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 524, na palepale hulipwa mchango wa huduma za afya wa pauni 776 kwa mwaka. Kwa kuwa viza ya kozi ya miezi kumi na miwili huongezwa miezi minne mwishoni, wengi wetu hulipa mwaka na nusu, yaani pauni 1,164, na fedha hizo hutakiwa zote kwa mkupuo. Ziwe nje ya zile za siku 28.

Baada ya kutoa alama za vidole na picha, jibu huja kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Unaweza kuitwa kwenye mahojiano. Huko huulizwa mambo ambayo mtu aliyejiandaa anayajua: kwa nini kozi hii, ina masomo gani, nani anakulipia, ukirudi utafanya nini. Jibu kwa maneno yako, kama unavyomweleza mkuu wako wa kazi. Viza siku hizi ni ya kielektroniki. Fungua akaunti yako ya uhamiaji wa Uingereza na uhakikishe imeunganishwa na pasipoti utakayosafiria.

Familia

Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuambatana na mume, mke au watoto, isipokuwa wachache, wakiwemo wanaofadhiliwa na serikali. Lizungumzeni hili nyumbani kabla ya maombi, tena kwa uwazi, mkiwa na hesabu ya ada za shule, kodi ya nyumba na nani atakayempeleka bibi kliniki. Nimeona ndoa zilizoteseka kwa sababu mmoja aliahidi kwamba "mtafuata baadaye" bila kusoma sheria. Uingereza huwa nyuma yetu kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto, hivyo chagueni muda wa simu ambao mtoto hajalala nawe umetoka darasani.

Makazi

Kwa mwaka wa kwanza, na wako ni mmoja tu, bweni la chuo ndilo salama zaidi hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu gharama za umeme, maji na intaneti huwa ndani yake na hutaulizwa mdhamini. Ukipanga mtaani, wenye nyumba wengi hutaka mdhamini anayeishi Uingereza. Sheria ya England ya mwaka 2019 huzuia amana kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba hutakiwa kuiweka katika mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Usitume fedha kwa mtu aliyekuonyesha picha tu, hata akiwa anaongea Kiswahili safi na anajua mtaa wenu.

Mizigo na safari

Plagi za Uingereza ni zilezile za pini tatu tunazotumia, na magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo hayo mawili yasikusumbue. Koti zito linunue huko. Kutoka nyumbani beba sweta na viatu vizuri vya kufunika. Nyama na bidhaa za maziwa haziruhusiwi kuingia, ikiwemo ile samli aliyokupikia mama. Dawa unazotumia zibebe za miezi mitatu, katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itunze hata kama Uingereza haiidai, kwa kuwa unaweza kuulizwa unapopita au kurudi. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Nyaraka asili ziwe katika mkoba wa mkononi.

Wiki za kwanza

Siku ya kwanza jiandikishe chuoni. Ya pili jiandikishe katika kliniki ya daktari wa familia iliyo karibu na unapoishi, kabla hujaugua; kumwona daktari ni bure kwa kuwa umeshalipa mchango, ingawa dawa England hulipiwa pauni 9.90 kwa kila aina. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa malipo hayo. Omba chuoni barua ya kuthibitisha kwamba u mwanafunzi wa muda wote, kwa ajili ya kufungulia akaunti ya benki na kusamehewa kodi ya manispaa.

Mwezi Desemba jua huzama London kabla ya saa kumi jioni. Giza hilo huwaelemea wenzetu zaidi ya baridi. Mamlaka za afya za huko hushauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku katika majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Fuata ushauri huo, na ukiona usingizi na hamu ya kula vimebadilika kwa wiki mbili, nenda kwenye huduma ya ushauri ya chuo kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako.

Viza inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na miezi ya kuandika tasnifu huhesabiwa kuwa masomo pia, tofauti na wengi wanavyodhani. Daktari au muuguzi haruhusiwi kufanya kazi ya taaluma yake bila usajili wa bodi za huko, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini.

Darasani na tasnifu

Kinachowashtua wengi ni kutakiwa kumpinga mwandishi wa makala badala ya kumnukuu kwa heshima. Soma sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho, na ujiulize sampuli ilipatikanaje na nani aliachwa nje. Kunakili maneno ya mwingine bila kumtaja huadhibiwa vikali. Programu za takwimu, hasa Stata na R, anza kuzigusa ukiwa bado nyumbani. R ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Ukiwa London, nenda Broadwick Street, Soho, ukaone mfano wa bomba ambalo mwaka 1854 John Snow alilihusisha na vifo vya kipindupindu kwa kuhesabu nyumba baada ya nyumba. Ni kazi ileile anayoifanya mhudumu wa afya ngazi ya jamii na daftari lake.

Mada ya tasnifu ianze kujadiliwa na msimamizi mwezi Januari. Kukusanya takwimu mpya Tanzania kunahitaji kibali cha maadili cha taifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Zanzibar ina utaratibu wake, juu ya kibali cha chuo chako. Kuhamisha takwimu nje ya nchi pia kuna mkataba wake. Miezi mitatu ya kiangazi haitoshi kwa hayo yote. Njia ninayoipendekeza ni kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa, kama za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, au kuomba kibali cha takwimu za halmashauri yako mapema ukiwa bado kazini na ukiwa unafahamiana na wanaozitunza. Ombi hilo la kibali liandike kabla hujapanda ndege, uambatanishe swali uliloanza nalo, na nakala yake yenye muhuri uende nayo.